Nilisema bonde letu halitumiki, likachorewa dampo

Wakuu, poleni na mihangaiko. Shule niliishia la saba, nikikosea neno la kitaalamu mnirekebishe. Ila haya niliyaona mwenyewe, sijatia la kwangu.

Kijijini kwetu, upande wa Machochwe, kuna bonde lenye udongo wa chumvi ambao ng'ombe wanalamba. Chini yake kuna chemchemi. Mama Nyangi, mjane jirani yangu, hana maji mengine.

Siku moja alikuja mtaalamu, dada mpole na daftari lake. Wilaya ilikuwa inaandaa mpango wa matumizi ya ardhi. Akaniuliza, "Bonde hili nani analitumia?"

Nikajibu, "Hakuna."

Kwetu ukiulizwa habari za ng'ombe unaficha. Kuwahesabu hadharani ni mkosi, halafu hifadhi ya wanyama ipo karibu, nikawaza faini ya kulishia karibu nayo. Dada aliandika nilichosema. Simlaumu.

Miezi ikapita, akarudi na draft ya mpango. Mkutano ukaitishwa. Kwenye ramani, pale bondeni: dampo la taka.

Mama Nyangi akasimama. "Mnataka ninywe pampasi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Dada akafungua daftari. "Niliambiwa halitumiki."

Jina hakulitaja. Ningeweza kunyamaza.

Nikasimama. "Ni mimi. Niliogopa."

"Wee mura!" mzee mmoja akafoka; mura kwetu ni kijana. "Umeficha ng'ombe, ukatoa maji ya mama wa watu!"



Nilijua dada atasema tumechelewa. Akasema, "Mpango haujapitishwa. Sheria inataka tuangalie kwanza utaathiri vipi mazingira, na nyie msikilizwe. Twendeni bondeni."

Tukaenda wote. Akachuchumaa kwenye alama za kwato, akapima maji, akaandika.

Wakuu, niliduwaa. Nilidhani ramani ya serikali ikishachorwa ni kama mlima, haisogei. Kumbe kuna sheria inayoilazimisha ije hadi kwenye tope, imsikilize mjane.

Draft iliyofuata, bonde likaandikwa chanzo cha maji. Dampo bado linatafutiwa sehemu. Niwe mkweli, taka lazima ziende mahali, na huko nako pengine yupo Mama Nyangi mwingine.

Nilichojifunza: ukiulizwa, sema. Wataandika hata uongo wako.

Mama Nyangi shikamoo yangu anaitikia. Ndoo yake bado hajaniruhusu kuibeba.

Huko kwenu waliwahi kuja kuuliza kabla ya kuchora ramani? Mliwajibu nini?