Mama Mkwe Aliponinyima Mtoto

Nakumbuka, mwanangu, jioni ambayo mama mkwe wangu alikataa nimshike mtoto wangu mwenyewe. Nakuita mwanangu ingawa sijaota hata mvi moja. Neno hilo nimeliazima kwake, kwa sababu nasaha hii ni yake. Mimi naifikisha tu.

Wakati huo nilikuwa nikitengeneza betri za malori hapa Nakuru. Nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua betri zilizokufa na kuzichungulia. Na kwa kuwa sikuwa na cheti, niliishi na hofu kwamba siku moja kazi itaniumbua. Basi nilirudiarudia. Kichwa cha betri, pale waya unapofungwa, kikivunjika, niliyeyusha risasi, ile metali laini ya ndani ya betri, kwenye kopo nikakimimina upya. Nikiona kasoro ndogo tu niliyeyusha tena, uso wangu juu ya moshi. Mchana nilikula chipsi na soseji palepale, vidole vikiwa vyeusi, kwa maana niliona kunawa ni kupoteza muda. Mwili ukajaa. "Boss, hiyo kitambi ni ya pesa!" madereva waliotoka Mai Mahiu waliniambia wakinipigapiga tumbo, nami nikacheka. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hawakujua kwamba nikipanda ngazi za nyumba yetu mtaani Section 58 nilisimama katikati, nikijifanya natafuta funguo, hadi moyo utulie.

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mama mkwe alishuka kutoka Olenguruone na kibuyu chake cha maziwa, aje kumsaidia binti yake. Ujue kwao mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa umbali. Hawasemezani ovyo, wala hawatazamani usoni. Akiwa na neno kwangu alimwambia mke wangu, nami nikiwa papo hapo nikisikia kila kitu.

Jioni hiyo niliingia na nguo za kazi, nikanyoosha mikono. Mama mkwe, aliyekuwa amempakata mtoto, akageukia ukuta.

"Chepkemoi, mwambie mume wako akaoge kwanza."

"Mama, amechoka. Acha amshike kidogo tu."

"Mwambie. Na hiyo nguo isiingie kwa beseni ya mtoto."

Niliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Nikamwambia mke wangu kwa sauti, "Mwambie mama hiyo ni vumbi ya kazi. Ndiyo inalisha hii nyumba."

Hapo mama mkwe alifanya jambo ambalo hajalirudia tena. Alimpa binti yake mtoto, akakaza kitambaa chake kichwani, akanitazama machoni.

"Baba Cherono, tangu nije nakusikia kwa ngazi. Mzee wangu alipumua hivyo hivyo, na mimi nikanyamaza, eti heshima. Nikamzika pamoja na hiyo heshima. Wewe sitakunyamazia. Hiyo vumbi siijui jina, lakini pale mnamwaga maji ya nguo zako nyasi imekufa. Kikulacho ki nguoni mwako. Kesho uende hospitali, ama nirudi nyumbani na hawa wawili."

Nilienda. Daktari alinipima presha mkono mmoja, akahamia wa pili, akaniuliza kazi yangu, kisha akatoa damu. Majibu yalipotoka alinieleza kwamba risasi ilikuwa imeingia mwilini, kwamba hujificha mifupani na kupandisha presha, na kwamba unene nao huusukuma moyo kwa upande wake. "Punda ni mmoja," akasema, "na wewe umempakia mizigo miwili." Mtoto naye alipimwa. Kungoja majibu yake kulinifundisha kusali upya. Alikuwa salama. Hadi leo nikimwona akikimbia, nashukuru kimoyomoyo.

Lakini mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilinunua mashine ya presha nikawa najipima kabla ya chai, baada ya chai, na nikikohoa. Kadiri nilivyopima ndivyo ilivyopanda. Mama mkwe, aliyekuwa amerudia umbali wake, akasema akitazama dirisha, "Chepkemoi, mwambie mume wako moyo si betri. Aweke hiyo kitu chini, atoke atembee."

Nikacheka, nikatoka nikatembea.

Mwanangu, kazi ya mikono ni baraka, ifanye. Lakini usiyeyushe risasi penye watu na chakula, wala usiinamie moshi wake. Nawa kwa sabuni kabla ya kutia kitu mdomoni. Nguo za kazi zibaki kazini, na uoge kabla ya kumgusa mtoto. Usidanganywe na sifa za kitambi, kwa kuwa wanaokisifu hawakubebei moyo. Ukihema kwenye ngazi usijifanye unatafuta funguo, nenda ukapimwe. Na ukishapimwa, fanya ulichoambiwa, kisha upumzike. Ukamilifu niliokuwa nautafuta kwenye kopo la risasi haukuwahi kunipa usingizi.

Mwezi uliopita mama mkwe alitutembelea tena. Nilifika nimeoga, nguo safi, pumzi shwari. Hakunitazama. Alimwinua Cherono tu, akamnyoosha upande wangu.

Mungu akujalie mtu wa kuvunja mwiko wake kwa ajili ya uhai wako, na siku atakapouvunja, akupe masikio ya kumsikia.