Kilichodondoka Kabla ya Kupima

Nakumbuka asubuhi moja, mdogo wangu, wewe hujavaa bado hilo koti jeupe, Mama Kioko alipoingia maabara yetu ya kupima vifaa vya ujenzi kule Ngong Road na gunia la vipande vya matofali. Alikuwa amejenga nyumba za kupangisha Mutuini. Ukuta ulimomonyoka ukiugusa, na muuzaji wa matofali alisema kosa ni la fundi. Mama alitaka ripoti yetu aipeleke kwa wakili.

Mashine tunayopimia unaijua. Kipande huzamishwa kwenye poda laini, poda ikakikumbatia pande zote bila kuingia vitobo vyake vidogo, ndipo tunapata ujazo wake mzima na densiti yake, yaani uzito wake kwa ujazo huo. Tofali bovu, lenye uwazi mwingi ndani, hutoka jepesi. Na kipande hupigwa brashi kwanza, maana chembe zikimwagika humo, poda inaharibika.

Bwana Wafula, mkuu wetu, hakuchukua brashi. Alichukua nyundo. Aligonga kila pembe iliyolegea, akatupa chochote chenye mashimo, akabakiza viini vigumu tu.

"Mbona tunatupa zile mbovu?" nikauliza. "Si ndizo zilimleta?"

"Wewe chuo kilikuharibu," akasema, wenzangu wakacheka. "Poda ikichafuka utanunua ingine? Kazi yako ni kuandaa sampuli. Andaa!"

Kanuni ya kuondoa chembe zilizolegea ilikuwa upande wake, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Muuzaji yule wa matofali pia alikuwa mteja wetu, tena wa kila mara. Nilikataa kutia sahihi kwenye ripoti. Akatia Bwana Wafula mwenyewe.

Mashine haikudanganya. Ilipima ilichopewa, ikatoa densiti ya tofali zuri.

Mama Kioko alisoma ripoti, akanigeukia. "Kijana yangu, mimi nilileta mawe inamwagika kama unga. Hii ni ya nani?"

"Ni yako, Mama. Ni ile ilibaki baada ya kugongwa."

Bwana Wafula alinifukuza kazi papo hapo, mbele ya mama. Nilidhani angalau ukweli ungemfaa mama. Wakili alimwambia neno la kijana aliyefukuzwa haliwezi kushindana na muhuri wa maabara. Mama akabomoa ukuta, kisha akauza ploti.

Kwa hivyo, mdogo wangu, usiniambie kwamba umefuata kanuni. Kausha kipande, kipige brashi, lakini kinachodondoka kikusanye, kipime, kiandike kwenye ripoti wazi kabisa. Kikidondoka kingi kuliko kilichobaki, hujaandaa sampuli, umechagua jibu. Uliza kabla nyundo haijashuka. Utachekwa. Pengine utafukuzwa pia, sitakudanganya.

Mungu akupe mkono mwepesi na shingo ngumu. Na akuepushe na siku ya kumtazama mtu machoni wakati nyumba yake umeshaipoteza kwa brashi yako mwenyewe.