Mvinyo Uliosafirishwa Julai

Babu yangu, Emil Krajnik, alifanya kazi kiwanda cha vioo hapa Charleroi mpaka kiwanda kikamwambia inatosha. Wenzake walipostaafu walikimbilia kuvua samaki au kulala. Yeye alikimbilia simu. Akawa mtu wa kulinganisha maduka ya mvinyo.

Kwetu Pennsylvania, hapa Marekani, mvinyo unauzwa na duka la serikali. Kilichopo rafuni unakunywa, kisichopo unakisahau. Maduka ya majimbo mengine hayaruhusiwi kukuletea nyumbani. Ila ukivuka mpaka kwenda West Virginia, mwendo wa saa moja hivi, sheria ni nyingine: duka likiwa na kibali linakuletea mzigo mpaka mlangoni. Kwa hiyo watu wa huku wana ndugu wa kule, kama wengine walivyo na shamba. Wa kwetu alikuwa Fiorina, mdogo wake Bibi, mjane, anakaa Weirton.

"Shemeji," Fiorina alikuwa akisema tukienda kuchukua boksi, "hivi mimi ni ndugu yenu au ni posta?"

"Posta inafungwa Jumapili," Babu anamjibu. "Wewe huo mdomo haufungwi."

Klabuni kwa wazee hakuna aliyenunua chupa bila kumuuliza kwanza.

"Emil, ile nyekundu ya Chile, wapi rahisi?"

"Rahisi ya bei au rahisi ya kufika?"

"Kuna tofauti?"

"Muulize Baldo. Alinunua rahisi, akalipia kusafirisha mpaka akauza baiskeli."

"Sikuuza baiskeli!" Mzee Baldo anapiga kelele kutoka kwenye meza ya karata. "Iliibwa!"

Alikuwa na namna yake ya kulijua duka. Anapiga simu, anauliza kuhusu chupa fulani, halafu ananyamaza kabisa, simu ameibana sikioni. Akisikia vidole vinagonga kompyuta, anashukuru na kukata. Akisikia viatu vinatembea sakafuni, vinakwenda rafuni na kurudi, hilo ndilo duka. Na alikuwa na sheria moja aliyokuwa akiwahubiria wote: gharama ya kusafirisha isizidi bei ya chupa. "Ukimlipa dereva kuliko mkulima," alisema, "wewe ni punda, na punda hanywi mvinyo." Watu wakacheka, wakaifuata. Sijawahi kumwona akiivunja.

Bibi Ottavia alipougua saratani ya tumbo, dawa za hospitali zilimwondolea ladha. Chai, chumvi, supu, vyote kwake vikawa maji ya chuma. Madaktari walipoona hakuna la kufanya tena wakaziacha zile dawa, wakatupa nesi wa kuja nyumbani kumpunguzia maumivu. Hapo kikatokea kitu ambacho hatukukitegemea. Asubuhi moja ya Juni Bibi aliuma pichi, akakaa nayo mdomoni, macho yamemtoka.

"Emil," akasema, "hii ni pichi."

"Ulidhani ni nini? Kiazi?"

"Mjinga wee. Nasema naionja. Ulimi umerudi."

Tangu siku hiyo akaanza kula. Polenta, ule ugali wa njano wa kwao, akautaka na mboga chungu na kitunguu saumu. Mwili haukurudi, lakini yeye mwenyewe alirudi kidogo, akawa anagomba tena. Akaomba kitu kimoja. Baba yake, aliyetoka Molise kule Italia, alikuja na vijiti vya mzabibu vimefungwa kwenye kitambaa chenye maji, akavipanda nyuma ya nyumba, akawa anakamua mvinyo kwenye chumba cha chini. Tintilia, ndiyo jina la zabibu hiyo. Mzabibu ulikufa kwa baridi Bibi akiwa bado msichana.

"Nataka niuonje ule wa baba kabla sijaondoka," alisema. "Maadamu ulimi upo. Maana sijui utakaa mpaka lini."

Babu akakaa mezani jikoni na simu yake. Sijawahi kumwona anapiga namna ile, kama mtu anayetafuta damu ya kuongezwa. Wengi hata jina hawakulijua. Mwishoni akampata mwanamke mmoja mwenye duka Chicago, Teodora Lusk. Simu ilikuwa imewekwa sauti ya wazi, nami nilikuwa namenya viazi. Tulisikia viatu vyake vikienda, ngazi ikiburutwa, viatu vikirudi.

"Zipo tatu," akasema. "Nimezishika hapa. Vumbi tu, ndani hazina neno."

Babu akanikonyeza. "Nitumie leo, mama."

"Leo hapana. Joto hili? Chupa ikilala ndani ya gari la vifurushi, mvinyo unaiva kama supu. Nakuwekea, nitatuma katikati ya Septemba."

"Mke wangu hana Septemba."

Tukasikia chupa zikiwekwa mezani. Kisha akasema taratibu, "Basi nizitume kwa ndege, nizizungushie barafu, zifike kesho. Ila itakugharimu, baba." Akataja bei. Ilikuwa mara mbili ya bei ya chupa zote tatu.

Babu akasugua paji la uso.

"Mimi sipati kitu hapo," akasema yule mama. "Hela yote ni ya ndege."

"Najua, mama. Nitakupigia."

Hakumpigia. Na hela alikuwa nazo, hilo nataka lieleweke. Hakuwa amebanwa na chochote. Alikaa tu anaitazama simu, nikaona midomo yake inatembea, anapiga hesabu aliyoipiga maisha yake yote. Mchana akapata duka jingine, New Jersey, linauza Tintilia hiyohiyo kwa bei ya chini.

"Tunazo," akasema kijana wa huko. Vidole vikagonga.

"Unaziona?"

"Kompyuta inaziona, mzee."

"Mnatuma kwenye joto?"

"Tunatuma kila siku, mzee wangu. Hata shetani akiagiza tunampelekea kwake."

"Na kusafirisha?"

"Ukichukua sita, bure."

Niliacha kumenya. Babu aliniona nimeacha. Akageuka dirishani, akamsomea yule kijana namba za kadi na anwani ya Fiorina.

Mzigo wa mvinyo hauachwi mlangoni. Lazima mtu mzima awepo, aonyeshe kitambulisho, atie saini. Asipokuwepo, boksi linarudi garini na kuzunguka nalo. Babu alimpigia Fiorina kumkumbusha.

"Jumatano usitoke, shemeji."

"Jumatano ndiyo siku ya basi!" Alikuwa na maana ya lile basi linalowapeleka wazee kucheza mashine za kamari pale penye mbio za farasi.

"Wiki hii basi liende bila wewe. Ni mzigo wa Ottavia."

"Haya, haya. Nitakaa kama sanamu ya Bikira Maria barazani."

Jumatano joto lilikuwa la kufanya lami inate kwenye viatu. Babu alipiga simu jioni, Fiorina akasema hawajafika. Alhamisi akasema hivyohivyo. Mpaka mwisho wa wiki ndipo akapiga mwenyewe, sauti imechangamka kupita kiasi: boksi lipo, njooni.

Babu alilipasua palepale jikoni kwa Fiorina. Akatoa chupa, akapitisha kidole gumba juu ya kofia ya kizibo. Akatoa ya pili. Vizibo vyote vilikuwa vimepanda, vimesukumwa na joto, na moja ilikuwa imevuja, inanata kama asali.

"Jumatano hawakuja?" akauliza.

"Sijui hawa watu wa vifurushi wana nini siku hizi," Fiorina akasema, akaanza kuosha kikombe kilichokuwa kisafi.

Tukaondoka na boksi. Nyumbani Babu alishuka moja kwa moja chumba cha chini, akafungua moja, akanusa, akaonja, akatema kwenye ndoo. Akafungua nyingine. Nilionja na mimi tone moja: ladha ya matunda makavu yaliyochemshwa na sukari iliyoungua. Alizifungua zote. Ya mwisho kizibo chake kilikuwa kimepanda kidogo tu, akaishika hiyo.

"Emil!" Bibi akaita kutoka juu. "Nimesikia vizibo! Unakunywa peke yako, mwizi wee?"

Tulipopanda tukamkuta ameketi kitandani. Alikuwa amemwambia nesi amvalishe sweta la bluu na ampake rangi ya mdomo. Nadhani ni ile rangi ya mdomo iliyomshinda Babu. Alimmiminia.

Bibi alinusa. Akaonja. Akafumba macho, akaonja tena, na uso wake ukawa kama wa mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyozaliwa na haitikiwi.

"Huu siyo," akasema.

Babu akasema, "Miaka mingi, Ottavia. Labda umesahau."

Angesema lolote isipokuwa hilo.

"Sijasahau," Bibi akasema. "Basi ni ulimi. Umeondoka tena."

"Hapana! Hapana, sikiliza. Mvinyo ndio mbovu. Umepikwa njiani. Nimefanya kosa mimi, nimenunua vibaya."

Bibi alimtazama kwa huruma, vile unavyomtazama mtoto anayekuambia yeye ndiye aliyevunja sahani uliyoivunja wewe. "Emil. Wewe? Miaka yote hii hujawahi kuleta mvinyo mbovu ndani ya nyumba hii. Leo ndiyo umeanza?"

"Ndiyo. Leo ndiyo nimeanza."

"Usinibembeleze. Mwite Fiorina auonje. Huyo hajui kubembeleza."

Fiorina alikuja Jumapili baada ya misa, na sahani ya biskuti. Babu alitaka kuzungumza naye kwanza mlangoni, lakini Bibi alikuwa anaita, na Fiorina akampita. Bibi akampa glasi.

"Onja, mdogo wangu. Niambie kweli. Huyu mzee anasema umeharibika."

Fiorina alimtazama Babu, akaitazama glasi, na nikaona shingo yake inakuwa nyekundu kuanzia chini. Akanywa funda kubwa.

"Nani kasema umeharibika?" akasema. "Dada, ni mtamu! Ndiyo wenyewe kabisa. Ule wa baba."

"Fiorina!" Babu akasema.

"Nini? Hauna kosa lolote! Umefika salama!"

Bibi akaichukua glasi mkononi mwake, akaiweka mezani polepole. "Ahsante," akasema. "Angalau mmoja wenu ananiambia ukweli."

Toka hapo hakula. Si kwamba alikataa. Alisema tu kwamba hakuna haja ya kutafuna kitu asichokionja. Polenta ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Nilimkatia pichi, iliyoiva sawasawa. Akaweka kipande mdomoni, akakitoa. "Maji ya chuma," akasema. Sijui kama ulimi ulikuwa umeondoka kweli au ni yeye aliyeufungia mlango. Nesi alisema mwili ukifika hapo ni kawaida, tusijilaumu. Babu alimsikiliza kwa adabu.

Alipiga simu Weirton. Sijui alimwambia nini Fiorina, ila siku ya pili alikuja macho yamevimba, akakaa nasi jikoni, akasema yote. Jumatano alipanda basi. Alidhani dereva atakuja asubuhi mapema, au atamwachia jirani. Alhamisi alilala kwa uchovu, hakusikia kengele.

"Nilipoona vizibo nikajua. Dada aliponipa glasi, shemeji, nikaogopa. Nikajisemea, mvinyo ukiwa mtamu kwangu, basi sijamfanya kitu."

"Twende ukamwambie," Babu akasema.

"Kweli atanisamehe?"

"Sikuuliza habari ya kusamehewa. Twende."

Tulisimama miguuni pa kitanda. Fiorina alieleza tena, analia, anajifuta kwa kiganja: basi, kengele, joto, uongo. Bibi alimwacha amalize.

"Mmepanga," akasema.

"Dada, naapa kwa kaburi la mama!"

"Mmekaa jikoni mkapanga. Nimesikia viti vikiburutwa." Hakuwa na hasira, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mnanipenda, najua. Sasa acheni. Nimechoka kuonjeshwa."

Babu alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika kifundo cha mguu juu ya shuka. "Ottavia, ningeweza kulipia ndege. Kulikuwa na mama Chicago, ana chupa nzima, alitaka kuzituma na barafu. Nikaona ghali."

"Na ulifanya vizuri," Bibi akasema. "Ingekuwa hela ya kupotea bure kwa mdomo uliokufa."

Aliishi mpaka siku za mwanzo za Agosti. Babu ndiye aliyempikia siku zote hizo, ingawa hakuwa mpishi. Asubuhi ya mwisho alimletea supu ya kuku, ameichuja mara mbili isimkwame kooni, akapuliza kijiko, akakipeleka. Bibi alifungua mdomo kwa ajili yake.

"Nzuri," akasema, kijiko hakijafika.