Nzi Wawindaji wa Mjomba

Machi 1978, Mutsamudu. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika ghafla, likatoka jua kali.

Mjomba alikuwa amerudi kutoka ofisi ya kilimo ya Moroni, mji mkuu wetu, baada ya serikali kuwaachisha watumishi wake kazi. Alirudi na sanduku la nzi waliokauka, kila mmoja kachomwa sindano, kama ofisini walivyowahifadhi. Na wakati ule vijana wa kamati za serikali walipita nyumba kwa nyumba wakisaka wachawi. Aliyekutwa na vitu vya namna hiyo alizungushwa mjini akizomewa.

Wakaja watatu. Kiongozi alikuwa binti wa jirani, niliyekuwa nikimlea na kumsuka nywele utotoni mwake. Niseme haki: alipiga hodi, akavua viatu, akaniomba ruhusa mimi, maana kwetu nyumba ni ya mwanamke.

Akafungua sanduku. “Mama mdogo, hizi sindano zimekusudiwa nani?”

Nilimgeukia mjomba. Shule yangu ilikuwa ndogo.

“Nyuki ana mabawa mangapi, mwanangu?” mjomba akamuuliza.

“Manne.”

“Mhesabie huyu.”

Akainama. Mawili.

“Nzi anayejifanya nyuki,” kijana mmoja akacheka. “Kama mabwana wa ofisini.”

“Tena nyuki ndio chakula chake,” mjomba akasema. “Humdaka hewani kwa miguu ya miiba, humchoma kwa mdomo, humyeyusha ndani, kisha humfyonza.” Akawaonyesha aina za nzi hao: wanene wenye manyoya, wembamba kama njiti aliowakamata njia ya kijiji cha Patsy; wote wana bonde kati ya macho na ndevu usoni. Kila alivyoeleza vizuri, ndivyo alivyozidi kusikika kama mchawi.

“Kufyonza wenzao,” kijana akasema. “Mmemsikia wenyewe.”

Binti akamrudishia mjomba sanduku. “Babu, zitoe sindano. Zote. Sanduku la wadudu watupu sina haja ya kulipeleka kwenye kamati.”

Mjomba akazitoa mwenyewe. Wadudu wakavu hawavumilii. Walivunjika, bawa huku, mguu kule. Binti akanikabidhi sindano, akasema nishonee nguo, wakaondoka.

Siku ile nilimwita katili. Sasa nadhani alimwokoa mjomba, ingawa huenda nampendelea kwa kuwa nilimlea.

Jioni tulikula ndizi mbichi za nazi na kipande cha papa mkavu. Mjomba alikula nasi, kidogo.