Kikohozi cha Mlishaji wa Mikunga

Mlishaji wa mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, hamwagi chakula bwawani kabla ya kuonja chembe mbili na kukohoa mara moja, kama mtu anayebisha hodi. Kopo moja asubuhi na moja jioni, ndiyo amri ya shemeji yake mwenye bwawa. Yeye huongeza la tatu, la huruma, kisha huketi kuwahubiria wenzake ubaya wa ulafi. Jioni moja mnunuzi aliwarudisha samaki, akamkaanga mmoja kando ya bwawa, mbele ya mlishaji na shemeji yake, kwenye kikaango kikavu, nacho kikafurika mafuta.

"Huyu samaki au mshumaa?" alifoka. "Chakula tele, bwawa finyu, hawaogelei! Nyama iko wapi? Mkiniuzia tena hivi, hamnioni."

"Shemeji, unawazidishia?" mwenye bwawa aliuliza.

"Mimi? Makopo mawili tu, haki ya Mungu! Na ya leo wameshakula, wameshiba."

Akaificha nyuma mikono yake inayonuka unga wa dagaa. Uongo ukamkereketa kooni, akakohoa. Bwawa zima likachemka, na mikunga wote wakaja miguuni pake, vinywa wazi, wakidai la tatu.