Pete ya Shaba kwenye Paneli ya Katonga

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bisibisi. Fundi Mkuu, mzee wa Kipare asiyecheka, alinipa tupa na kipande cha bati lililopakwa rangi. "Kwangua mpaka chuma king'ae," akasema. Pembeni yangu alikuwa kijana wa Ujiji, Rajabu, naye akianza siku hiyohiyo. Kufikia saa nne bati lake liling'aa mahali pamoja tu, duara safi la ukubwa wa kikombe cha kahawa. Langu lilikuwa limechubuka kote. Fundi Mkuu aliinua la Rajabu, akatuonyesha wote. Wivu wangu ulianzia hapo, na sitawadanganya kwamba umeisha.

Niwaeleze kazi yenyewe. Kebo inayopita chini ya udongo huvishwa nyaya za chuma ndani ya ngozi yake ya plastiki, ili jembe lisiikate. Nyaya hizohizo ndizo njia ya kupeleka ardhini umeme uliotoroka, njia tuliyoiita ethi. Kebo ikiingia kwenye paneli, lile sanduku la bati lenye swichi, hubanwa kwa glandi, kifungo cha chuma cha kuikaza kwenye tundu lake. Lakini paneli ina rangi, na rangi haipitishi umeme. Basi unakwangua, unaweka pete ya shaba yenye sikio, tuliyoiita benjo, kisha unafunga waya kutoka kwenye sikio hilo hadi kwenye baa ya ethi, kipande cha shaba kinachokusanya nyaya zote za ethi. Ukiisahau benjo, mashine itazunguka kama kawaida. Ila siku waya wa ndani ukichubuka, mwili mzima wa mashine unakuwa na umeme, na atakayeishika anaweza kufa.

Tulifunga mashine za kukoboa Mwandiga, tukafunga taa za shule Simbo, na kote wakubwa walimsifu Rajabu. Nyaya zake zilinyooka kama zimepigiwa rula. Hata mke wangu Skola aliwahi kusema, "Rajabu ni fundi. Wewe unajitahidi." Siku mbili sikuongea naye vizuri.

Kikaja kiwanda cha barafu Katonga. Meneja alitangaza kwamba ambaye kazi yake ingempendeza zaidi mkaguzi angekuwa msimamizi wa mafundi. Mimi nilipewa chumba cha pampu, Rajabu akapewa paneli kuu. Siku moja kabla ya ukaguzi nilikwenda kuazima spana, nikachungulia paneli yake. Kebo zilikuwa sita, benjo tano. Kwenye kebo ya mashine ya kuponda barafu, glandi ilikaa juu ya rangi tupu.

Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikasahau kuchukua spana.

Mkaguzi alikuja na haraka zake, gari likimsubiri nje. Alifungua mlango wa paneli, akapapasa zile nyaya, akasema, "Hii ni kazi ya kuonyesha watu." Akasaini bila kupima. Rajabu akawa msimamizi. Sasa mimi ningesema nini? Wangeniuliza kwa nini nilinyamaza jana yake. Basi nikaendelea kunyamaza wiki tatu, na kila siku wanawake wauza samaki waliingia pale pekupeku kununua barafu, sakafu imejaa maji, wakiegemea ile mashine.

Wiki ya nne Skola, aliyekuwa ameanza kuuza migebuka, samaki wa ziwani, alirudi na beseni lake akanisimulia. "Yewe baba Yona, mashine ya barafu leo ilikwama. Nimeipiga kwa kiganja ndiyo ikaendelea."

Kesho yake asubuhi nilimwambia mlinzi nimetumwa. Nikazima umeme, nikafungua glandi, nikakwangua duara safi, nikaweka benjo na kukaza waya. Ilikuwa glandi bora kuliko zote nilizowahi kufunga. Wake za watu nilikuwa nimewaacha wiki tatu, wangu sikuweza hata siku moja.

Sasa nimestaafu, na kinachonikera si magoti. Ni kwamba mafundi vijana hupelekwa Katonga kutazama paneli ya Mzee Rajabu.

Mwezi uliopita mhandisi mpya, mama kutoka Tanga, alituita mimi na Rajabu kabla ya kuibadilisha paneli hiyo. Skola alifuatana nami, akisema atapitia barafu hapohapo.

"Shikamooni, wazee," mhandisi akasema. Akamulika tochi ndani, akatazama kwa muda. "Glandi hii ya sita imefungwa na mkono mwingine. Na ndiyo nzuri kuliko zote. Ni ya nani?"

Rajabu alivaa miwani, akainama. "Mwanangu, hii kweli si yangu," akasema, akanigeukia. "Gwasa, ni wewe?"

Maisha yangu yote nilikuwa nikisubiri kazi bora iitwe yangu, na neno hilo lilitoka kinywani mwa Rajabu mwenyewe. Ningekubali, swali la pili lingekuwa niliifunga lini, na nilijuaje kwamba benjo haikuwepo. Skola alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake, akisikiliza.

"Sijawahi kuigusa paneli hiyo," nikasema.