Utepe wa Wifi Kipenga

Wifi yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, aliingia kazini posta kwa mkono wangu. Mimi ndiye niliyempeleka kwa mkuu wa ukumbi wetu wa magunia. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga gunia la barua likakaza, na hata viatu vyake vya kwanza vya kazi vilikuwa vyangu. Naanza na hayo ili mjue kidonda kiko wapi.

Alikuwa mwembamba, mwenye mdomo mwepesi na hati nzuri kuliko ya mwalimu. Miaka minne tu baadaye wakubwa walitafuta mtu wa kusimamia usalama, wakamvika yeye kizibao cha manjano na kumpa kipenga. Jina likamganda hapo hapo: Kipenga. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili kwenye magunia. Nilimkumbatia, nikampongeza, kisha nikaenda chooni nikalia. Wivu ule sikuuomba, Mungu ni shahidi. Ulikuja kama mgeni asiyejua kuaga.

Nyumbani ndiyo kabisa. Mama mkwe alikuwa akikipiga pasi kizibao kile kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwanangu anang'aa," anasema, huku ananitazama.

Koti langu la kazi, miaka yote ile, hakuwahi hata kulikung'uta vumbi.

Wapeleka barua wa posta yetu walikuwa zaidi ya mia mbili, wa baiskeli na wa miguu, na kila barua yao ilipita kwanza kwetu. Lori likifika, Kipenga anapima magunia. Lililo zito analifunga utepe mwekundu shingoni. Gunia la utepe ni la watu wawili: unashika fundo, unaita "Mwenzangu!", unasubiri aje. Ukilibeba peke yako, anakupulizia kipenga.

Zamani tulikuwa kumi. Wengine wakastaafu, mmoja akafariki, wengine wakapelekwa kuziba mapengo ya wapeleka barua, na hakuna aliyeletwa badala yao. Tukabaki wanne. Ukiita "Mwenzangu!" zinakuitikia kuta. Basi tukazua ujanja wetu. Unafungua utepe, unautia ndani ya koti, unajitwika peke yako, ukifika juu ya ngazi unaufunga tena. Bila utepe, kipenga hakilii.

Siku hiyo asubuhi alinipokea kwa utani wake. "Wifi, hayo magoti yanalia kama mlango wa stoo! Yapakae mafuta!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, meno tu.

Saa nne nikafikia gunia la utepe. Aliyekuwa karibu ni yeye peke yake, amesimama kando ya mizani na daftari lake, anaandika. Nilipaswa kumwita mwenzangu. Nimwite mwenzangu, yule niliyemvisha viatu? Nikampa mgongo, nikafungua utepe, nikautia kotini, nikajitwika. Ngazi ya tatu goti likagoma. Nilikwenda chini, na gunia juu yangu.

Mchana mkuu wa ukumbi alinikuta zahanati, goti limefungwa bandeji.

"Lile gunia ni zito kweli, na halina utepe," akasema. "Utepe ulikuwepo?"

"Sikumbuki, mkuu."

"Basi aliyepima alisahau. Kesho anarudisha kizibao."

Ndugu zangu, nilifurahi. Nilikuwa nimelala na maumivu, na moyo wangu unacheza ngoma. Usiombe kuiona furaha ya namna ile.

Jioni akaja wifi pale zahanati. Hakuwa na utani hata wa dawa.

"Nisamehe, wifi yangu," akasema. "Msaidizi wangu wamempeleka kwenye barua, leo nimepima magunia sitini peke yangu. Mara naona nililifunga, mara naona sikulifunga. Kama mimi ndiye niliyekuumiza, wakichukue kizibao chao. Ni haki." Akafuta macho, akanyanyuka, akashika koti langu msumarini. "Hili lina damu, nikakufulie."

"Liache!"

Akashtuka. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na changu kilikuwa kotini kabisa. Nikamwomba Mungu ulimi.

"Lilete hapa," nikasema. Nikaingiza mkono, nikautoa utepe, nikauweka kiganjani mwake.

Aliukunjua.

"Uliniona nimesimama pale?"

"Nilikuona."

"Kwa nini hukuniita?"

"Wivu, wifi."

"Wa kizibao? Hiki kinachonuka jasho la wenzangu watatu walionitangulia? Si ungesema, ningekuazima uvae siku ya ibada!" Alicheka, lakini machozi yalikuwa yanamtoka. Kisha akaacha kucheka. "Umeniumiza, wifi. Nimeshinda najiona muuaji."

Nilimshika mkono.

Kesho yake mkuu alikuja na fomu ya ajali. Nilimweleza yote, nikijua kazi inaweza kunitoka. Kipenga ndiye aliyeandika. Aliandika kwamba nilitoa utepe kwa makusudi. Aliandika kwamba nilibeba peke yangu. Chini yake akaandika kwamba kazi ile ni ya watu kumi, na siku hiyo walikuwepo wanne.

"Hilo la mwisho lifute," mkuu akasema. "Limetoka wapi?"

"Mkuu, yote matatu ni kweli. Yaende yote, au sitii sahihi."

Yakaenda yote. Mimi nilipewa barua ya onyo, kazi ikabaki. Mwezi uliofuata waliletwa watu watatu. Siku hizi nakaa kwenye kigoda kando ya mizani. Wifi anapima, mimi nafunga utepe, na ni yeye anayenituma.

Nakala ya fomu ile alinipa niisome kabla haijapelekwa. Niliisoma mara mbili, dhambi yangu imepangwa mstari kwa mstari, herufi zimenyooka kama zimechapwa. Na hati yake ilivyo nzuri! Wivu ukanichoma tena.

"Ee Mungu," nikasema, "hata hapa?"